Msingi wa Nini? Maoni juu ya Tafsiri ya Neno la Kiingereza "Primary"

Katika makala haya nataka kuchungua neno moja tu, nalo ni "msingi", kama litumikavyo katika majina ya ngazi za shule nchini Tanzania. Neno hili liliwekwa mahali pa neno la Kiingereza "primary", na kwa muda mrefu halikumsumbua mtu. Lakini katika miaka ya karibuni limetwikwa pia mzigo wa neno la pili la Kiingereza, "basic", ambalo si sawa na lile la kwanza, si kwa maana wala si kwa hesabu ya miaka. Kwa hiyo ofisa wa elimu na mzazi wa kijijini waweza kutamka neno lile lile, kila mmoja akahesabu miaka yake, wakaagana bila ya kujua kwamba hawakuelewana.

Nimeichagua Nandagala iwe mahali pa kulipimia neno hili. Nandagala imo katika Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, nayo Ruangwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea mpaka mwaka 1995. Ni nchi ya Wamwera, nchi ya korosho na ufuta. Kiswahili chasemwa huko kila siku, walakini istilahi za elimu hazikuzaliwa huko. Hufika zikiwa zimekwisha kutengenezwa Dar es Salaam au Dodoma, na mara nyingi hazina mfasiri ila mwalimu wa shule. Mimi naona hicho ndicho kipimo cha haki kuliko kamusi yoyote: istilahi ya elimu ikieleweka Nandagala, imefaulu.

Tuanze na Kiingereza chenyewe, maana wengi hudhani kwamba Waingereza waliziita shule zao hivyo tangu zamani. Neno "primary" lilikuwapo, lakini katika sheria zao shule ya watoto wa watu wa kawaida iliitwa "elementary", na jina hilo halikutaja ngazi bali lilitaja namna ya shule. Mtoto wa mfanyakazi aliingia humo akatoka humo kwenda kazini, isipokuwa wachache waliovuka kwa mtihani. Mtoto wa tajiri kwa kawaida hakupita huko kabisa. Ni Sheria ya Elimu ya mwaka 1944 iliyoipanga elimu ya umma katika ngazi tatu zifuatanazo, na ya kwanza ikaitwa "primary". Basi neno hilo, katika maana yake ya shule, ni neno la mpangilio. Lasema kwamba kuna ngazi ya kwanza na kwamba ya pili yafuata. Halisemi lolote juu ya kitu kitakachokaa juu ya ngazi hiyo. Mtu akitaka kulitafsiri kwa uaminifu angesema "elimu ya kwanza", na wenzetu wa Kenya walikuwa karibu na mpangilio huo waliposema "shule ya upili" kwa sekondari, ijapokuwa ile ya kwanza nao wakaiita ya msingi.

Sisi tulichagua "msingi" na kuikopa "sekondari" kama ilivyo. Hapo tukahama katika mpangilio tukaingia katika ujenzi. Msingi, kwa fundi, ni vitu viwili kwa pamoja: ni handaki lichimbwalo, na ni ukuta ujengwao ndani yake mpaka ukapita kidogo usawa wa ardhi. Ndiyo maana twasema "kuchimba msingi" na pia "kujenga msingi", wala hakuna aonaye kinyume chochote. Uzuri wa neno hili u wazi. Lampa heshima mwalimu wa darasa la kwanza, kwa kuwa kila mtu ajua kwamba kosa la msingi haliponyeki kwa rangi ya ukutani. Lakini msingi una sifa ya pili, ambayo watunga istilahi hawakuipima: hakuna mtu akaaye ndani ya msingi. Msingi ambao hazikuinuliwa kuta juu yake si nyumba ndogo. Ni kazi iliyokatika. Kila apitaye vijijini huko kusini ameona viwanja ambamo msingi umesimama misimu miwili mitatu ukiota majani, mwenyewe akingoja bei ya korosho. Hakuna asemaye kwamba bwana yule ana nyumba.

Tena mfano wenyewe si wa kila mahali. Nyumba ya miti na udongo, ambayo ndiyo nyumba ya asili katika sehemu kubwa ya kusini, haina msingi. Hufukuliwa mashimo, husimikwa nguzo, hufungwa fito, kisha hukandikwa udongo, na kiichukuacho nyumba ile ni nguzo. Msingi ni wa nyumba ya mawe ya pwani, na siku hizi wa nyumba ya matofali. Silisemi hili kwa kulikataa neno. Mifano husafiri, na mtu wa Nandagala wa leo aujua msingi vizuri sana, hasa gharama yake. Nalisema ili ionekane kwamba neno lilikuja pamoja na nyumba yake nzima, na alisikiaye huona mara moja kuta na paa ambavyo havipo.

Sasa tulinganishe jina hili na siasa ya elimu. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na hoja moja kubwa humo ilikuwa kwamba elimu itolewayo katika shule hizi yapasa iwe kamili yenyewe, wala isiwe maandalizi tu ya kwenda sekondari, kwa sababu watoto walio wengi hawangefika huko. Hoja hii na jina la shule havipatani. Hoja yasema: hii ni nyumba, kaa ndani. Jina lasema: hapa patajengwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaharakisha mpango wa kuwafikishia watoto wote elimu hiyo kufikia mwaka 1977, na Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 ikaifanya kuwa ya lazima. Jina la mpango ule halikushika midomoni. Watu walishika herufi za Kiingereza, UPE, na walimu waliofunzwa haraka kwa ajili yake wakaitwa "walimu wa UPE". Mzaha wa mitaani ukazisoma herufi zile "ualimu pasipo elimu". Ulikuwa mzaha mkali, na wengi wa walimu wale haukuwatendea haki, maana ndio waliozishika shule za vijijini wakati hapakuwa na wengine.

Watu wenyewe hawaiti ngazi ya shule kwa kazi yake. Huiita kwa mahali pa kutokea. Husema "ameishia la saba", au kwa kifupi zaidi, "yule ni la saba". Wazee wana "la nne la mkoloni", na usemi huu una hesabu ndani yake. Katika Tanganyika ya miaka ya 1950 mtoto alisoma miaka minne ya kwanza, akafanya mtihani. Aliyepita aliingia shule ya kati, darasa la tano mpaka la nane. Na sekondari ikaendelea kuhesabu darasa la tisa mpaka la kumi na mbili. Hesabu ilikuwa moja tangu chini hadi juu. Mlango wa kwanza wa kutokea ulikuwa darasa la nne, na ndiyo sababu darasa hilo limebaki kuwa cheo katika mazungumzo ya wazee hata baada ya mlango wenyewe kuzibwa. Alipoondolewa mwaka wa nane katika miaka ya 1960, mlango ukawa darasa la saba, na cheo kikahamia hapo.

Hapa yafaa kusema neno juu ya "darasa", kwa kuwa nalo lilipokea mzigo wa Kiingereza. Neno la asili lilikuwa "standard", nalo lilianza Uingereza katika kanuni za mwaka 1862, zilizoweka vipimo sita vya kusoma, kuandika na kuhesabu. Shule ililipwa fedha kwa kadiri watoto walivyofaulu vipimo hivyo. Basi "standard" ilikuwa kipimo cha kile akijuacho mtoto. "Darasa", lenye asili ya Kiarabu, ni somo, ni kikao cha kusomeshana, na mpaka leo mtu huenda "kusikiliza darasa" msikitini. Tulipoliweka mahali pa "standard", kipimo kikatoka na kikao kikabaki. Mtoto akikaa miaka saba "amemaliza darasa la saba", ajue kusoma au asijue. Silaumu neno kwa kosa la shule, lakini ni kweli kwamba lugha haikutuachia njia fupi ya kuuliza kama kipimo kimefikiwa. (Maneno ya elimu yana safari za ajabu. "Chuo" lilikuwa jina la mahali ambapo mtoto mdogo wa pwani hufundishwa kusoma Kurani. Leo ni jina la mahali anapofika mtu mzima akiisha kumaliza kila kitu.)

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya midomo tu. Kuanzia tarehe 20 Mei 2004 utumishi wa umma ulitaka mwajiriwa mpya awe na elimu ya kidato cha nne. Baadaye, katika uhakiki wa watumishi, wengi wenye elimu ya darasa la saba waliondolewa kazini, na mwaka 2018 Serikali ikaagiza warudishwe wale walioajiriwa kabla ya tarehe ile. Madereva, wahudumu na watendaji wa vijiji walipimwa kwa jina la ngazi. Mtu ambaye nchi nzima ilimwambia mwaka 1970 na kitu kwamba elimu yake ni kamili, aliambiwa baada ya miaka arobaini kwamba alikuwa na msingi tu.

Juu ya "kidato" sitakawia. Lilipewa kazi ya neno "form", na kwa maoni yangu ni miongoni mwa istilahi zetu nzuri. Kidato ni pengo ambalo mkwezi hulikata katika shina la mnazi apate kuweka mguu. Ni mahali pa kukanyaga na kupita. Huko Nandagala mti wa fedha ni mkorosho, ambao haukatwi vidato, lakini neno halikumpotosha mtu, kwa kuwa halidai kitu kingine zaidi ya kupanda. Dosari yake si maana bali hesabu: lilianza tena kuhesabu moja. Palipokuwa na darasa la tisa pakawa na kidato cha kwanza, na mwanya kati ya la saba na cha kwanza ukaonekana katika namba zenyewe. Mwanya huo una mambo mengine pia. Ndipo ulipo mtihani, na ndipo ambapo katika shule za Serikali lugha ya kufundishia hubadilika kutoka Kiswahili kuwa Kiingereza.

Sasa tuje kwa "basic". Neno hili liliingia katika mazungumzo ya elimu ya dunia kwa nguvu baada ya mkutano wa Jomtien, Thailand, mwaka 1990, uliotangaza Elimu kwa Wote. Si neno la mpangilio. Hutaja kiasi cha elimu ambacho mtu hapaswi kukikosa, na katika nchi nyingi kiasi hicho kimepita ngazi ya kwanza kikaingia katika sehemu ya chini ya sekondari. Kwa Kiswahili, tafsiri yake iliyo karibu kabisa ni "-a msingi". Lakini nafasi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilipotaka kuitaja elimu ya lazima ya miaka kumi, kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne, ilitumia neno "elimumsingi", limeandikwa pamoja, bila ya "ya". Hivyo tukawa na "elimu ya msingi", ambayo ni ile ya shule ya msingi, na "elimumsingi", ambayo ni hiyo pamoja na miaka minne ya sekondari.

Kwa upande wa sarufi sina ugomvi. Kiswahili huunganisha nomino mbili bila ya kiunganishi. Tuna "mwanamaji" na "mwanachuo", na istilahi nyingi za siku hizi zimeundwa kwa njia hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba maneno mawili yenye mizizi ile ile, yaliyo katika uwanja ule ule, na yenye kutofautiana kwa miaka minne ya maisha ya mtoto, yametenganishwa kwa silabi moja tu. Katika maandishi mtu mwangalifu ataona. Katika mkutano wa kijiji, chini ya mwembe, ile "ya" humezwa. Tena msikilizaji asiposikia "ya" hadhani kwamba amesikia neno jipya. Hudhani kwamba msemaji amefupisha.

Tuone yaliyofuata. Ada ya shule za msingi ilikuwa imekwisha kufutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa mpango wa MMEM. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada katika sekondari za Serikali mpaka kidato cha nne, na kwa shule ya kutwa ada hiyo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Jambo jipya, basi, lilikuwa sekondari. Lakini mpango wenyewe ulitangazwa katika nyaraka na hotuba kwa jina la "elimumsingi bila malipo". Chukua mzazi wa Nandagala asikiaye hayo redioni. Masikioni mwake imetajwa shule ya msingi, nayo ajua tangu zamani kwamba haina ada. Habari ambayo ilikuwa mpya kabisa, na iliyomhusu binti yake aliyechaguliwa kwenda kidato cha kwanza, ilifichwa ndani ya neno ambalo kwake lilikuwa la kale. Hapana shaka wengi waliijua kwa njia nyingine, kwa mwalimu mkuu au kwa jirani. Na watu wakatunga jina lao, "elimu bure", lenye makosa yake kwa kuwa sare na daftari hazikuwa bure. Serikali nayo baadaye ikaelekea "bila ada" badala ya "bila malipo", nalo ni sahihisho la busara. Neno la pili katika jina la mpango lilisahihishwa. La kwanza likaachwa.

Mwenye kutetea "elimumsingi" aweza kusema kwamba istilahi hufundishwa, na kwamba watu watazoea. Naikubali nusu ya hoja hiyo. Watu walizoea "kidato". Lakini "kidato" hakikuwa na mwenzake wa kufanana naye. Mtu hazoei kutofautisha maneno mawili ambayo sikio lake halitofautishi; huzoea kuyachanganya. Wenzetu wa Kenya wametupa mfano mwingine wa kutuonya. Katika mtaala wao mpya, ulioanza kuenea nchini mwaka 2019, waliacha "darasa" na "kidato" wakahesabu "gredi" moja kwa moja hadi ya kumi na mbili, jambo ambalo nalisifu, kwa kuwa limerudisha hesabu moja kama ile ya Tanganyika ya zamani. Lakini gredi ya saba hadi ya tisa, zilizoanza mwaka 2023, magazeti yao yakaziita "sekondari msingi". Hapo msingi si ngazi ya kwanza, wala si kiasi cha lazima. Ni sehemu ya chini ya ngazi ya pili. Msomaji wa Tanzania akisoma gazeti la Nairobi ana msingi wa tatu wa kuupatia mahali.

Maoni yangu ni haya. Jina "shule ya msingi" liachwe kama lilivyo. Ni kongwe, lajulikana na kila mtu, na kosa lake la kuahidi nyumba limekuwa dogo tangu sekondari za kata zilipojengwa kwa wingi kuanzia miaka ya 2000. "Elimumsingi" iondolewe katika sera, katika nyaraka na katika hotuba. Kwa miaka kumi hiyo liko neno lisilohitaji kufundishwa, nalo ni "elimu ya lazima", na Toleo la 2023 la Sera hiyo, lililozinduliwa Februari 2025, lalitumia kwa miaka sita ya shule ya msingi na minne ya sekondari. Lasema jambo lenyewe: mtoto lazima awe shuleni, na mzazi lazima ampeleke. Kuhusu ada, itajwe mipaka kwa madarasa na vidato badala ya majina ya ngazi, hasa kwa vile tangu mwaka 2022 ada imeondolewa hata katika kidato cha tano na cha sita, ambavyo havimo katika msingi wa namna yoyote.

Kuna sababu ya kuharakisha. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili, na sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zinatafsiriwa. Siku itakapotafsiriwa Sheria ya Elimu, tafsiri ya "primary" na ya "basic" haitakuwa tena shauri la wataalamu wa istilahi. Itakuwa ndiyo sheria, na hakimu atamhukumu mzazi kwa kuisoma. Namwomba kila aliye katika kazi hiyo asome kifungu kwa sauti mbele ya mtu ambaye hana karatasi mkononi, kisha amwulize amesikia miaka mingapi.

Jambo la mwisho ni "la saba". Kwa mpango uliotangazwa, mwaka 2027 wanafunzi wa darasa la sita wa mtaala mpya na wa darasa la saba wa mtaala wa zamani watamaliza shule ya msingi pamoja, na baada ya hapo darasa la saba halitakuwapo. Mlango wa kutokea utakuwa umehamishwa tena katika maisha ya mzee mmoja. Ingefaa wanafunzi wetu wa isimu watumwe Ruangwa, Nachingwea na kwingineko kuanzia sasa, wakaandike watu wanavyosema juu ya mtu aliyesoma na mahali alipofika, kabla ya maneno hayo hayajaanza kubadilika.